Ndege wa Mida na Sabaki: Jinsi ya Kuwatazama, Kuwatambua na Kuwahesabu Ukiwa Nyumbani Kwako

Wakazi wengi wa Kilifi wanaishi karibu na maji. Kuna wanaoishi ukingoni mwa hori ya Mida, ambayo wengi huiita Mida Creek, wengine karibu na mlango wa Mto Sabaki, na wengine kando ya vidimbwi vinavyojaa kila mvua ikinyesha. Kila siku tunawaona ndege wakitembea kwenye tope maji yanapokupwa, na mara nyingi tunawapita tu. Wageni husafiri kutoka Ulaya na Marekani, wakalipa nauli na malazi, ili wawaone ndege hao hao.

Somo hili ni la mkazi wa kawaida: mvuvi, mwalimu, mama anayeanika nguo ufuoni, mwanafunzi wa shule ya msingi. Huhitaji vifaa vya bei. Unahitaji kujua saa ya kwenda, mahali pa kusimama, kitu cha kuangalia na namna ya kuandika ulichokiona. Tutaeleza pia kwa nini kumfukuza ndege mara kwa mara kunaweza kumgharimu maisha yake.

Wageni wa kaskazi, wageni wa kusi

Wazee wa pwani waligawa mwaka kwa pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, na kusi ikayarudisha. Ndege wa maji nao wana majira yao, na yanakaribiana na hayo.

Kundi la kwanza linatoka kaskazini mwa dunia. Huanza kufika mwezi wa Agosti na Septemba, hukaa nasi muda wote wa kaskazi, kisha huondoka kati ya Machi na mapema Mei. Wengine, kama vile chamchanga mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, huzaliana Siberia karibu na ncha ya kaskazini. Kutoka hapa hadi huko ni zaidi ya kilomita 9,000, na ndege mwenyewe ana uzito wa takriban gramu 60, karibu sawa na yai la kuku.

Mwenzake maarufu ni ndege mweusi na mweupe anayekula kaa. Huyu hatoki mbali sana. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na Somalia, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Miongoni mwa ndege wa ufuoni, ni yeye peke yake anayetaga ndani ya shimo alilolichimba kwa desturi hiyo. Mida ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana Kenya kwa kuwaona wakiwa makundi.

Kundi la pili linatoka kusini. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, hufika ndege wadogo wa kahawia kutoka Bukini (Madagaska). Wana mabawa marefu yenye ncha, hukamata wadudu hewani kama mbayuwayu, na hutua kwa makundi makubwa kwenye mchanga wa mlango wa Sabaki. Nje ya Bukini, pwani yetu ni mojawapo ya mahali pachache duniani wanapokusanyika kwa wingi.

Kwa hiyo hakuna mwezi usio na la kuangalia. Hata Juni utawakuta baadhi ya wageni wa kaskazini. Wengi wao ni vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawajafika umri wa kuzaa, na hubaki hapa hadi msimu ujao.

Kwanza jua maji, kisha tafuta ndege

Kosa la wanaoanza ni kwenda wakati wowote. Mvuvi hawezi kufanya hivyo, na mtazamaji ndege afuate mfano wake.

Maji yakikupwa sana, tope na mchanga huwa wazi kwa eneo kubwa. Ndege hutawanyika kila upande kutafuta chakula, na wengi huwa mbali mno kwa macho. Maji yakijaa kabisa, tope hufunikwa, na ndege huenda kupumzika juu ya mchanga mkavu au matawi ya mikoko. Wakati mzuri ni katikati: saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Maji yanapopanda huwasukuma ndege polepole kuelekea ulipo, wao wakiendelea kula.

Kanuni rahisi ya pwani yetu ni hii:

- Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana mwendo wa saa nne asubuhi na hujaa mwendo wa saa kumi alasiri. Nenda kuanzia saa saba au saa nane mchana.
- Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa mwendo wa saa nne asubuhi. Nenda asubuhi, saa moja au saa mbili.

Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini. Kama huna jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote wa kijijini kwenu. Atakuambia bila kuangalia karatasi.

Simama jua likiwa mgongoni mwako. Ukilitazama, kila ndege ataonekana mweusi na hutatambua rangi yoyote.

Vifaa

Darubini ni nzuri ukiipata, na shule au kikundi kinaweza kununua moja na kuitumia kwa zamu. Ukikosa, anza kwa macho. Beba daftari, penseli (wino huchuruzika ukilowa), kofia na maji ya kunywa. Vaa nguo za rangi tulivu. Simu yenye kamera husaidia kuhifadhi ushahidi wa ndege usiyemjua, na zipo programu za bure za simu zinazosaidia kutambua ndege, kama vile Merlin.

Maswali matano ya kujiuliza

Usikimbilie jina. Mtazame ndege kwa dakika mbili kamili na ujibu maswali haya kwa mpangilio:

1. Ana ukubwa gani? Mlinganishe na unayemjua: shomoro, njiwa, kuku au bata.
2. Mdomo wake ukoje? Mfupi au mrefu? Umenyooka, umepinda chini au umepinda juu?
3. Miguu yake ni mirefu kiasi gani, na ya rangi gani?
4. Anafanya nini? Anakimbia na kusimama? Anadunga tope mfululizo? Anatembea polepole majini? Anapiga mbizi?
5. Yuko wapi? Kwenye tope, mchanga mkavu, mikoko, au anaruka juu ya maji?

Rangi ya manyoya tumeiacha kwa makusudi. Ndege wengi wa kaskazini huwa wa kijivu wakiwa hapa, kisha hubadilika kabla ya kuondoka. Chamchanga wa Siberia uliyemwona wa kijivu Desemba utamkuta mwezi wa Aprili akiwa mwekundu kama tofali. Anayetegemea rangi peke yake atadhani ni ndege wawili tofauti.

Mdomo ndio chombo cha kazi

Ukielewa mdomo, umeelewa maisha ya ndege. Tazama jinsi tope moja linavyolisha wengi bila kugombana.

*Sululu* ana mdomo mrefu uliopinda chini, na jina lake ni lile lile la kifaa cha kuchimbia. Huuingiza kwenye mashimo ya kaa.

*Mla kaa mweusi na mweupe* ana mdomo mnene mweusi kama kisu cha bucha na miguu mirefu ya kijivu. Hunyemelea, hukimbia ghafla, humkamata kaa na kumvunja. Kati ya Septemba na Desemba sikiliza mlio kama mluzi: ni kinda wa kijivu anayemfuata mzazi akiomba chakula, baada ya kusafiri naye kutoka kaskazini.

*Yangeyange* wa ufuoni, mweupe au wa kijivu kizito, hutumia mdomo kama mkuki. Husimama kimya kwenye maji ya kina kifupi, kisha huchoma.

*Domomwiko* hupeleka mdomo wake bapa huku na huku ndani ya maji, kama mtu anayekoroga uji.

*Heroe*, wale wa rangi ya waridi wenye shingo ndefu, hugeuza kichwa juu chini na kuchuja viumbe vidogo majini. Wakati mwingine huonekana Sabaki na Mida, japo wengi tumezoea kusikia habari zao za Nakuru na Bogoria.

*Buabua* huruka juu ya maji, husita hewani, kisha hujitupa kichwa mbele. Wavuvi wanawajua vizuri: buabua wakikusanyika mahali pamoja baharini, samaki wadogo wako juu, na wakubwa wako chini yao.

*Mdiria* hukaa juu ya tawi la mkoko au waya. Yule mwenye mgongo wa buluu na mdomo mwekundu huonekana sana Mida wakati wa kusi.

Majina haya hutofautiana kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na Wagiriama wana yao. Waulize wazee wa kwenu, kisha uandike jina la mahali pako daftarini.

Kwa nini usimfukuze

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili.

Ndege wa Siberia hana mahali pa kununua chakula njiani. Wiki chache kabla ya kuondoka, mwezi wa Machi na Aprili, hula mchana na usiku maji yanapokupwa ili kujiwekea mafuta mwilini. Mafuta hayo ndiyo petroli yake. Asipoyapata ya kutosha, hataishia Malindi. Ataondoka na wenzake na kuanguka njiani, au atafika akiwa dhaifu asiweze kutaga.

Muda wake wa kula unapangwa na maji. Kila mara mbwa anapolikimbilia kundi, kila mashua inapoingia katikati yao ili abiria wapige picha, ndege huruka na kuchoma mafuta aliyoyatafuta. Mara moja si neno. Mara kumi kwa siku, kila siku, ni hasara asiyoweza kuifidia. Chamchanga huyu tayari yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege wanaopungua.

Kwa hiyo fuata masharti haya:

- Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa vyote kukutazama, umeshakaribia mno. Rudi nyuma taratibu.
- Usiingie mahali wanapopumzika maji yakijaa. Hawana kwingine pa kwenda.
- Mfunge mbwa kamba ufuoni, hasa kuanzia Machi hadi Aprili.
- Mnahodha, zima injini mbali na uache mashua ielee. Abiria watapata picha nzuri zaidi.
- Wazazi, waelezeni watoto kwamba kuwatimua ndege si mchezo usio na madhara.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa mwituni, na kuwaua au kuwakamata bila kibali ni kosa. Hori ya Mida yenyewe imo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu.

Mahali pa kuanzia

*Mida.* Lipo daraja la mbao linalopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka jamii zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukilipa kupita pale, umemtazama ndege na umemsomesha mtoto. Wapo pia vijana wa kijijini wanaofanya kazi ya kuongoza wageni. Saa moja pamoja nao itakufundisha kuliko kurasa nyingi.

*Mlango wa Sabaki.* Upo kaskazini mwa mji wa Malindi. Mto huu huanza nyanda za juu ukiitwa Athi, ukapita Tsavo ukiitwa Galana, na kumalizikia kwetu ukiwa Sabaki. Udongo na taka za njia yote hiyo hufika hapa. Tahadhari: kuna viboko na mamba. Usiende alfajiri au jioni bila mwenyeji, usitembee ukingoni penye majani marefu, na usivuke maji kwa miguu.

Nyumbani kwako

Si lazima uende mbali. Ua wa nyumba karibu na maji unaweza kuwapokea ndege wengi ukifanya mambo machache.

*Acha mikoko na majani ya ukingoni.* Kama shamba lako linafika majini, mikoko ni ukuta wako. Mizizi ya mkoko na mchu hushika udongo, hulea samaki wadogo na kaa, na huwapa ndege mahali pa kulala. Kuikata ili uone bahari vizuri ni kuifungulia bahari mlango.

*Weka maji.* Sinia pana lenye maji ya kina cha kidole litawaleta chozi, njiwa na kwera. Badilisha maji kila siku na usugue sinia, la sivyo utafuga mbu.

*Waachie kwera minazi yao.* Kwera wa manjano hufuma viota kwenye makuti. Kelele ni nyingi, lakini ni nafasi nzuri kwa mtoto kujifunza jinsi dume anavyofuma na jike anavyokagua.

*Funika taka.* Hapa tuongee juu ya kunguru. Wapo wawili. Yule mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe ni mwenyeji wa Afrika. Mwingine, mwembamba, mweusi mwenye shingo ya kijivu, ni mgeni kutoka India aliyepitia Zanzibar na kuonekana Mombasa mwaka 1947. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, na wafugaji wanajua anavyochukua vifaranga vya kuku. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuwapunguza. Kazi hiyo ina wataalamu wake. Usitege sumu mwenyewe, kwa sababu sumu haichagui: itamuua paka wa jirani, mwewe na pengine mtoto. Jukumu letu ni kufunika mapipa na kutotupa matumbo ya samaki ovyo, maana hicho ndicho chakula kinachowazidisha.

Kuhesabu na kuandika

Idadi iliyoandikwa ina nguvu kuliko hadithi. Mtu akisema "zamani ndege walikuwa wengi", hakuna anayeweza kupima. Daftari la miaka mitano linapimika.

Kundi kubwa huhesabiwa hivi: hesabu ndege kumi, angalia wamechukua nafasi gani, kisha upime nafasi hiyo mara ngapi hadi mwisho wa kundi. Rudia mara mbili na uandike wastani. Ukurasa wa daftari uwe na tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, aina na idadi, na kilichowasumbua. Mfano:

*Jumamosi. Mida, kwenye kibanda. Saa nane hadi saa tisa na nusu. Maji yanajaa, bamvua. Wala kaa 40, kinda 6. Sululu 11. Chamchanga kama 150. Mashua moja iliwaruka wote saa tisa. Walirudi baada ya dakika kumi na tano.*

Siku kama haijaleta ndege, andika pia. Sufuri ni habari.

Rekodi zako unaweza kuzipeleka kwenye mradi wa Kenya Bird Map, unaotumia watu wa kawaida kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima. Kila Januari huwa kuna hesabu ya ndege wa maji nchini, inayoshirikisha Makavazi ya Kitaifa, KWS na Nature Kenya. Siku ya Kimataifa ya Ndege Wanaohama huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ni siku nzuri kwa shule kuanza.

Ukimkuta ndege mwenye pete, au aliyekufa

Pete ndogo ya chuma au plastiki mguuni ni kitambulisho. Kama ndege yu hai, soma herufi na namba kwa darubini au piga picha, usimkamate. Kama amekufa, piga picha ya pete, andika mahali na tarehe, kisha uwajulishe Makavazi ya Kitaifa au ofisi ya KWS iliyo karibu.

Ukiwakuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwaguse, usiwale na usiwape mbwa. Waweke watoto na kuku mbali. Mwarifu afisa wa mifugo wa wadi yako au chifu siku hiyo hiyo. Huenda ni sumu, huenda ni ugonjwa unaoweza kuambukiza kuku na watu.

Zoezi la wiki hii

1. Uliza mvuvi maji yatajaa saa ngapi Jumamosi, kisha upange saa yako ya kwenda.
2. Chagua ndege mmoja tu. Mtazame dakika kumi na ujibu maswali matano bila kutafuta jina.
3. Hesabu kundi moja kwa njia ya kumi-kumi. Mwenzako ahesabu pia, kisha mlinganishe.
4. Muulize mzee mmoja jina la ndege huyo kwa lugha ya kwenu, na kama siku hizi anamwona zaidi au kidogo kuliko alipokuwa kijana.

Walimu wanaweza kulitumia zoezi hili darasani kama lilivyo. Andikeni tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, na mwakani mwezi kama huu rudini mahali pale pale mhesabu tena.